Wanawake Waliosimama Ukumbini

Kwa nini wale wanawake watatu walisimama? Nilijiuliza nikiwa safu ya nne katika ukumbi mmoja wa mjini Moshi, Jumamosi mchana, jasho likinitiririka mgongoni ingawa ulikuwa mwezi wa saba na kwetu mlimani watu walikuwa wakiota moto mchana kutwa. Sikuwa msichana wa kukosa majibu. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa chuo kikuu huko Kampala, na likizo ile nzima nilikuwa nimebishana na baba juu ya jehanamu, juu ya laana, juu ya Gavana wa Kiingereza, hata juu ya sababu ya wanaume kupewa nyama kwanza. Lakini hilo la wanawake watatu sikuweza kulijibu.

Mambo yalianza kwa mgeni. Alikuwa mcheza dansi kutoka Uingereza, mwanamke mrefu wa miaka thelathini hivi, aliyefikia kwa mwalimu mmoja wa shule niliyosoma zamani. Alicheza peku. Alijiangusha chini na kuinuka kama mtu anayepigana na upepo, na alitaka kutengeneza mchezo wa jukwaani ambamo namna yake ya kucheza ingekutana na ya Wachaga. Alihitaji mtu wa kumfundisha na mtu wa kumtafsiria. Mtafsiri nilikuwa mimi. Mwalimu nilimtafuta mwenyewe, naye ni bibi yangu mzaa baba.

Usharika wetu kule Mwika ulikuwa mkali. Mkristo aliyeonekana kurudia mambo ya jando na unyago alitengwa: hakukaribia meza ya Bwana, alikaa benchi la nyuma, na akifa kabla ya kurudishwa alizikwa bila mchungaji na bila kengele. Mwaka uliotangulia jirani yetu alizikwa hivyo. Bibi alikwenda mpakani mwa kihamba chetu, akasimama kati ya mimea ya masale inayotenganisha shamba letu na lao, akawa anasikiliza upande wa kanisani ambako hakukutoka sauti yoyote. Aliporudi alisema, "Mimi nataka kengele yangu." Sikuwahi kumsikia akiomba kitu kingine kwa ajili yake mwenyewe. Na baba alikuwa mzee wa kanisa. Bibi akishtakiwa, baba angekuwa mmoja wa watakaoinua mkono kumtenga.

Bibi alikubali kufundisha hatua za mavuno ya ulezi tu. Hizo, alisema, hata watoto wa shule huzicheza, hazina neno. Tulijificha nyuma ya zizi, migombani, baba akiwa kwenye shamba la kahawa.

"Huyu mbona anaangukaanguka?" bibi aliniuliza siku ya kwanza. "Hajanywa uji?"

"Ndiyo dansi yake, bibi."

"Basi mwambie ardhi ya hapa ina mawe."

Nilitafsiri. Mgeni akacheka, akaanguka tena. Bibi akamwendea, akamshika nyonga kwa mikono yote miwili, akazitikisa kama mtu anayejaribu mlango. "Miguu yake ina akili," akasema. "Kiuno ndicho bado kiko melini."

Wiki mbili zilipita hivyo. Wao walicheka, mimi niliogopa. Kila baiskeli iliyopita njiani niliidhani ya baba. Mbwa akibweka, nachungulia kati ya migomba. Nilijiambia kwamba kuogopa watu wazima waliokaa kwenye mabenchi na kupiga kura juu ya miguu ya mwanamke mzee ni upuuzi. Nilijiambia hivyo mara nyingi mno.

Siku ya mwisho mgeni aliuliza kama ipo hatua nyingine, ya zamani zaidi. Bibi alielewa kabla sijatafsiri. Akatikisa kichwa.

"Ipo," akasema kwa Kichaga, "lakini ni ya kule tulikofundishwa tukiwa wasichana. Haitazamwi na wanaume."

"Nani alisema?" nikauliza.

"Walioitengeneza."

"Na wakiitazama, kutatokea nini? Bibi, ni miguu tu."

"Chuo kimekufundisha kuuliza," akasema. "Kunyamaza wamemwachia nani?"

Sikunyamaza. Nilimsukuma, tena kwa ufundi, kwa maneno yaleyale niliyotumia kumchosha baba. Nilimwambia kwamba yeye akifa hatua ile itakufa naye, na huyu Mzungu peke yake ndiye aliyekuja kuiuliza. Alishika shina la mgomba. Kisha akavua kanga ya mabegani, akaifunga kiunoni.

Kisigino cha kushoto kilipiga chini mara tatu. Mikono ikafumbata tumbo. Halafu akageuka, akatupa mgongo, akainama taratibu mpaka paji la uso likakaribia magoti, akabaki hapo. Hayo tu. Lakini ng'ombe zizini aliacha kutafuna, au mimi niliacha kumsikia.

Alipoinuka alimtazama mgeni machoni, akasema maneno marefu. Alisema hatua hiyo anampa kama mwanamke anavyompa mwanamke, aiweke mwilini, asiicheze mbele ya wanaume, na popote inapochezwa mwanamke anayeijua haketi.

Mgeni alinigeukia. Nami nikasema kwa Kiingereza: "Anasema hii ni hatua ya heshima sana."

Basi. Nilifanya hivyo kwa sababu niliona aibu. Sikutaka mgeni afikiri kwamba natoka kwa watu wa miiko. Nilitaka anione kama msomi mwenzake.

Tangu siku ile mpaka siku ya onyesho sikulala vizuri. Nilipanga kumwendea mgeni na kumwambia ukweli. Nilifika mara mbili kwenye lango la nyumba ya mwalimu aliyemkaribisha, mara mbili nikarudi. Ningesema nini? Kwamba nilidanganya? Kisha nikajituliza kwamba huenda asiitumie.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wakubwa wa serikali, wachungaji na wazee wa kanisa, baba kati yao, kavaa koti lake la Krismasi. Nyuma kabisa walikaa akina mama wa usharika wetu waliokuja kwa lori kusikiliza kwaya ya shule. Bibi alikaa kando yangu. Kwaya iliimba, watu wakapiga makofi, halafu mgeni akatokea peke yake na mpiga ngoma mmoja. Alicheza hatua za ulezi, akachanganya na kuanguka kwake, na kusema kweli ilipendeza. Kiuno kilikuwa kimeshashuka melini. Nilianza kupumua.

Kisha ngoma ikanyamaza. Kisigino cha kushoto kikapiga ubao mara tatu.

Nilimshika bibi mkono. Nilihisi mifupa ya kiganja chake ikitoka polepole mkononi mwangu. Akasimama. Alisimama tu, mfupi, kanga kichwani, katikati ya ukumbi wa watu walioketi.

"Kaa, bibi," nilinong'ona. "Kaa, nakusihi. Baba atakuona."

Hakukaa. Na baba alikuwa ameshageuka. Wazee wawili kando yake waligeuka pia. Mwiko wa kutoketi hata wanaume walikuwa wameusikia, na nilijua wanachokiona: mwanamke aliyebatizwa, akikiri mbele ya watu wote. Niliisikia kengele isiyolia.

Ndipo benchi la nyuma likalia. Mwanamke mmoja akasimama, halafu wa pili. Wa tatu, aliyejivuta kwa fimbo yake, alikuwa mama mzazi wa mchungaji wetu. Walibaki wamesimama, wanatazama mbele, mpaka mgeni alipoinua uso kutoka magotini. Wakaketi wote wanne kwa pamoja.

Tulipofika nyumbani baba aliuliza, "Mama, ulisimama kwa nini?"

"Mguu ulikuwa umekufa ganzi."

"Na wale wengine?"

"Waulize wenyewe. Miguu yao siijui."

Baraza la wazee lilikuwa Alhamisi. Siku tano zile bibi alikata majani ya ng'ombe kama kawaida, nami nilimfuata kila mahali. Alhamisi jioni baba alirudi, akaning'iniza kofia, akaomba chakula. Nilibaki nimeshika sahani.

"Mmezungumza nini?" mama akauliza.

"Paa la shule," baba akasema. "Mchungaji alianza na paa, akamaliza na paa." Akala kidogo. "Hakuna aliyeuliza habari ya Jumamosi. Nani atauliza? Aanze na mama wa mchungaji?"

Ndipo nikaiweka ile sahani mezani.

Siku ya kurudi Kampala nilikiri kwa bibi kwamba sikuyatafsiri maneno yake. Hakushangaa. "Nilijua siku ileile," akasema. "Mimi nilisema sana, Kiingereza chako kikawa kifupi."

"Mbona hukunizuia?"

"Nimekuzuia mara ngapi?"

Niliuliza kama wale watatu nao walifundishwa hatua ile. Alichukua jembe lake, akaenda. Nikajijibu mwenyewe kwamba bila shaka walifundishwa, kwa kuwa mwanamke anayeijua haketi. Nilitembea na jibu hilo miaka mingi, nikilidhani langu na la kweli.

Bibi alizikwa kwa kengele. Ililia mpaka mpigaji akachoka. Miaka mingi baadaye mama wa mchungaji peke yake ndiye aliyekuwa hai kati ya wale watatu, haoni vizuri, nami nikaenda kumwamkia. Nilimuuliza alifundishwa wapi hatua ile.

"Hatua gani, mwanangu?" akasema. "Sisi watatu tulilelewa misheni tangu watoto wadogo, tukiwa yatima. Hayo hatukufundishwa kamwe. Tuliona bibi yako amesimama peke yake."