Globu ya Upande wa Bonde

Mwanangu, jana nilikukuta uani umechuchumaa mbele ya gari lako, bisibisi umeibana kwa meno, unabadilisha globu za taa za ukungu. Nikakuuliza kama zote mbili zinawaka. Ukacheka. "Mzee, Handeni hii ukungu uko wapi?" Nikaingia ndani. Hukunikosea, usidhani hivyo. Ila nimeona ni heri nikuandikie, maana kwa mdomo sitafika mwisho.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wetu, nasubiri kupangiwa kazi. Nilikuwa kijana wa kuwaza mno. Nikifunga mlango, narudi kuutikisa. Nikiandika barua, naisoma hadi maneno yanapoteza maana. Kaka yangu Mbwana alikuwa kinyume changu. Yeye ndiye aliyeendesha Land Rover ya kijiji chetu cha Kwedizinga, na lilikuwa likilala uani kwetu kwa sababu baba alijua kulitengeneza.

Siku hiyo tulipata habari kwamba baba mkubwa Mhina amefariki kule Dindira, milimani, alikokuwa kibarua katika shamba la chai. Hakuwa na mke wala mtoto huko. Alishamwomba baba kwamba akifa azikwe nyumbani, karibu na mama yao. Asubuhi ileile baba akawatuma vijana kuchimba kaburi, kisha akaja kuliangalia gari.

Chini ya bampa kulikuwa na taa mbili ndogo za manjano. Huku kwetu hazikuwahi kuwashwa. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo ndani ya mojawapo, na skrubu zilikuwa zimeshika kutu. Baba alizidondoshea mafuta ya taa, akangoja, akafungua taratibu. Globu zote mbili zilikuwa zimeharibika kwa kutu. Alikuwa na moja tu ya akiba, ameifunga kwa pamba ndani ya kopo la kakao. Miaka ile vipuri vilikuwa vya kubahatisha, hata Korogwe mjini usingepata nyingine. Akasugua ncha ya waya kwa msasa, akaikandamiza globu kidogo, akaizungusha, ikashika. Taa ya kulia ikawaka.

Baba alikuwa amefanya kazi Dindira ujanani, na barabara ile aliijua. Akatuambia, "Mkipanda, bonde liko kulia kwenu. Mkishampakia kaka yangu, itoeni muiweke kushoto, maana wakati wa kuteremka bonde litakuwa kushoto. Taa hii haikuonyeshi njia. Inakuonyesha pale njia inapoishia."

"Na tukisahau?" nikauliza.

Mbwana akacheka. "Baba, umemwambia msomi. Hata tukitaka kusahau, ataturuhusu?"

Bisibisi nikaitia mfukoni mwangu.

Tulipita mashamba ya mkonge ya Ngombezi jua likiwa kali. Tulipoanza kupanda kona, ukungu ukatushukia, mweupe na wa baridi, adhuhuri ikawa kama alfajiri. Mbwana akaacha kupiga mluzi. Lakini ile taa ya kulia ilifanya kazi yake. Niliona ncha za majani ukingoni, na baada ya majani hakuna kitu. Tukafika salama.

Baba mkubwa alikuwa ameshaoshwa, amevishwa sanda na kuswaliwa. Wafanyakazi wenzake wakamlaza nyuma ya gari, wawili wao wakapanda kumsindikiza. Mzee Shemweta, aliyeongoza swala, akaugonga ubavu wa gari kwa kiganja kama mtu anayemuaga mgeni.

Nikamsogelea Mbwana. "Kaka, globu."

Mzee Shemweta akasikia. "Nini tena, kijana?"

"Shikamoo mzee. Ni taa. Baba alisema tuihamishe upande wa pili."

"Marahaba. Sasa kaburi liko wazi kule kwenu, maiti yuko garini, wewe unataka kufungua taa? Maiti hacheleweshwi."

Watu walikuwa wametuzunguka. Mbwana akanitazama, akamtazama mzee, na nikaona ameona haya. Hakutaka kuwa dereva aliyemweka maiti kwenye baridi kwa ajili ya globu. "Panda, msomi," akaniambia kwa upole. "Tukipita kona za juu ukungu wote unaisha."

Nikapanda, nikakaa kushoto kwake.

Gari lilipoanza kuteremka, wale wawili nyuma wakaanza tahlili. Wewe unajua, kwetu mtu hawakatizi wanaomsindikiza maiti kwa jina la Mungu. Hata mtoto mdogo hunyamazishwa. Nikatazama mbele. Taa ilikuwa inamulika ukuta wa mlima upande wa kulia. Niliona udongo mwekundu na mizizi, niliona hata matone ya maji yanavyoning'inia. Kushoto kwangu hakukuwa na kitu. Kulikuwa na weupe tu.

Nikaanza kuipanga sentensi. Niseme "Kaka, simama", au niseme "Kaka, samahani"? Je, akikasirika mbele ya wageni? Je, wale wa nyuma wakidhani naogopa maiti? Nikaamua kwamba wakipumua nitasema. Lakini hawakupumua pamoja. Mmoja akiishiwa pumzi, mwenzake anapokea. Nikangoja. Bisibisi ilikuwa inanichoma paja.

Gurudumu la kushoto lilipokosa ardhi, Mbwana aliniita kwa jina langu. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka niko kwenye majani yaliyolowa, mlango umefunguka nikarushwa nje, na wale wawili wako juu ya mteremko wanaita. Gari lilikuwa limemlalia Mbwana kifuani. Wakateremka, tukamshika mikono sote watatu. Alifumba macho kabla watu wa shambani hawajafika.

Tulikwenda kuchukua maiti mmoja, tukarudi na wawili. Lori la chai ndilo lililotuleta. Watu wa Kwedizinga walikuwa wamesimama kando ya kaburi lililo wazi. Waliona jeneza la kwanza linashuka na bado kuna la pili. Vijana waliokota majembe wakaanza kuchimba upya, pembeni ya lile la kwanza.

Baadaye gari lilikokotwa hadi nyumbani. Baba alichuchumaa mbele yake kama ulivyochuchumaa wewe jana, akafungua taa ya kulia. Globu ilikuwa nzima. Gari lilikuwa limeangukia kushoto. Akaifuta kwa shati lake, akaifunga kwa pamba, akairudisha kwenye kopo la kakao. Kisha akaniuliza bila kunitazama.

"Ulimkumbusha mwenzako?"

"Nilimkumbusha, baba."

"Kwa sauti gani?"

"Ya chini. Kulikuwa na wazee. Halafu kukawa na tahlili."

Akakaza kifuniko cha kopo. "Wazee wangekusamehe kesho yake," akasema. "Na aliyekuwa anatajwa angekusamehe palepale."

Hakulirudia tena hadi anaingia kaburini. Mimi ndiye ninayelirudia. Labda globu ingekuwa kushoto na bado tungeanguka. Barabara ilikuwa imelowa, ukungu ulikuwa mzito. Sijui, na hakuna atakayeniambia.

Mwanangu, nasikia mama yako akikulaumu kwamba unawaza kupita kiasi. Sikuambii uache. Kuwaza hakukumuua kaka yangu. Niliona hatari mapema kuliko wote, kisha nikaipangia maneno mazuri hadi muda ukaisha. Hofu ikikuonyesha kitu, kiseme kwa sauti inayosikika, hata kama umekaa na wakubwa, hata kama watu wanaomba. Wasipokusikia, shika mkono wa anayeendesha. Aibu utaoga, itatoka. Na siku utakayokuwa wewe ndiye dereva, na pembeni yako kuna mwoga anayenong'ona, zima injini kwanza, umcheke baadaye.

Leo jioni njoo tuziwashe zile taa zako, zote mbili, hata kama Handeni haina ukungu.

Mungu akupe umri ambao Mbwana hakuupata. Akuonyeshe ukingo kabla gurudumu halijaufikia, na usipouona wewe, akuweke karibu na mtu asiyeogopa kupaza sauti. Amina.