Karavani Iliyompiga Dada wa Kazi

Bosi wangu wa Riyadh alinunua karavani baada ya kutazama video za watu wanaolala porini huku wakitabasamu. Ni nyumba ya bati yenye magurudumu, na ndani ina kitanda, jiko, choo, kiyoyozi na kila kitu ambacho mtu anayekwenda porini anadai kukikimbia. Mimi ni dereva wa nyumba, kwa hiyo raha ya kuikokota jangwani hadi pwani ya Jeddah ilikuwa yangu. Bosi na madam walitangulia kwa ndege pamoja na dada wa kazi, Mkenya mwenzangu, maana hata angani lazima awepo mtu wa kubeba mkoba wa madam.

Kambini kila karavani ilikuwa na nguzo yake fupi ya umeme, yenye swichi inayojikata yenyewe ikihisi hitilafu. Nilinyoosha mkono nichomeke waya, bosi akaninyang'anya. Akachomeka. Swichi ikakata. Akairudisha juu, ikakata tena, wakagombana hivyo mpaka kanzu yake ikalowa jasho.

"Nguzo mbovu hii," akasema.

Akatoa kwenye buti adapta aliyoinunua sokoni Al-Batha, kidude cha plastiki chenye meno mawili. Plagi ya karavani ilikuwa na matatu. Jino la tatu likabaki limekaa tu mle ndani, haligusi kitu. Safari hii umeme haukukatika, kiyoyozi kikanguruma, na bosi akajipiga picha akiwa ameikumbatia nguzo. Umeme mimi naujua wa kuwasha na kuzima taa, basi nikasema mashallah kama mshahara wangu unavyonitaka niseme.

Sasa, madam alikuwa na sheria zake. Mbele ya mlango alitandika zulia zito, na watu wa familia walivua viatu hapo, wakaingia na nyayo kavu. Dada wa kazi hakuruhusiwa kulikanyaga, kwa sababu alikuwa akitoka kuosha vyombo bombani na miguu yake ilikuwa na maji. Malapa pia alikatazwa, eti yanabeba mchanga. Kwa hiyo alizunguka zulia pekupeku kwenye mchanga uliolowa, akashika mlango kwa mkono wenye maji.

Mara ya kwanza nilisikia sufuria zikianguka. Nilimkuta ameushika mkono wake, macho yamemtoka.

"Bro, hii kitu imenipiga stima! Mpaka kwa bega!"

Nikamwambia bosi. Alitoka kwa huruma zote, akasimama juu ya zulia lake, akaushika mlango na kuutikisa kama anasalimiana nao.

"Mafi mushkila," akasema, yaani hakuna shida. "Unaona? Mimi sipigwi."

Madam yeye alikuwa na maelezo yake. Msichana ameona bahari, amechoka kazi ghafla. Kila chai ilipohitajika dada alisimama mbele ya ule mlango akijipa moyo, na kila alipochelewa madam alimtisha kwamba akirudi Riyadh atampeleka ofisini, yaani kwa wakala aliyemleta. Kwao mtu aliyerudishwa ofisini ni kama fanicha yenye kasoro. Basi alishika, akapigwa, akaingia, akapika. Niliona akianza kufungua mlango kwa kitambaa, madam akakichukua kitambaa kwa sababu kilikuwa cha sahani. Nilikasirika mpaka nikatamani kuiachia ile karavani iingie baharini yenyewe.

Alasiri moja bosi alitawadha bombani. Alitawadha vizuri, mikono hadi viwiko, miguu hadi vifundoni, kisha akakumbuka kwamba mswala uko ndani. Kwa heshima ya miguu iliyotoka kutawadhwa hakutaka kukanyaga zulia la viatu. Akazunguka mchangani, pekupeku, njia ileile ya dada, akaushika mlango.

Sauti aliyotoa sijawahi kuisikia kwa mtu mwenye kampuni. Alirushwa akakaa chini kwenye mchanga, kofia huku, yeye kule, na papo hapo nguzo aliyoiita mbovu, ambayo mapigo madogo ya dada hayakuwahi kuishtua, ikajikata yenyewe. Nadhani ndiyo iliyomwokoa, ingawa sikumsikia akiishukuru.

"Kahraba! Kahraba!" madam akapiga kelele. Umeme ulikuwa umegunduliwa siku hiyo.

Fundi aliletwa mbio kutoka mtaa wa Al-Baghdadiyah. Alifungua, akachungulia, akatuonyesha waya wa hita ya maji uliochubuka na kugusa bati. Kisha akaishika ile adapta kwa vidole viwili. Jino la tatu, alisema, ndilo la kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Mkiliacha halijaunganishwa, umeme unakaa kwenye bati unamsubiri mtu mwenye miguu iliyolowa. Akabadilisha waya, akaweka plagi ya meno matatu, akarudisha swichi. Ikakaa.

"Halas, sasa ni salama," akasema.

Bosi aliutazama mlango, hakusogea. Akanitazama mimi, akatazama viatu vyangu. Kisha akamwita dada, aliyekuwa bombani, mikono ina povu.

"Yalla," akamwambia. "Shika tuone."

Fundi akafungua mdomo apinge, lakini dada alishafika. Alipita pembeni ya zulia kama alivyofundishwa, akaufunga mkono wake wote kwenye kitasa, akautuliza hapo, akitutazama mmoja mmoja. Hakupigwa.

"Juzi huu mkono ulikuwa unadanganya," akasema kwa Kiswahili, taratibu. "Leo ndio mnautumia kupima stima. Mungu anawaona."

Madam akaniuliza anasema nini.

"Anashukuru, madam," nikamwambia.

Madam aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akamwambia aingie apike chai.