Mpira wa Taa

Mdogo wangu, tunayemwita Mbishi, aliunda mchezo wa mpira kwa mradi wake wa mwisho chuoni. Mpira ni mwanga unaoruka kwenye mstari wa taa ndogo, nawe unaurudisha kwa kitufe. Hakuna kompyuta, ni saketi tupu, yaani nyaya na vipande vya umeme vilivyounganishwa.

Siku ya kusahihishwa nilimsindikiza. Mhadhiri hakuamini. Akainama na suti yake, akachungulia chini ya meza kutafuta kompyuta iliyofichwa. Damu ilinichemka!

Mbishi akachomoa waya mmoja tu, mpira ukaganda. Akauchomeka, ukaendelea.

“Karibu ucheze, mwalimu.”

Mhadhiri akacheza, akafungwa. Akavua koti, akafungwa tena. Nami nimesimama kifua mbele, utadhani mchezo nimeuunda mimi.

“Mwalimu, wenzangu wanasubiri kusahihishwa,” Mbishi akamkumbusha.

“Wasubiri,” akajibu, macho kwenye taa.