Bhoke Aliyeapa Kutozima

Bhoke Magige alianzisha kampuni yake kwa hasira, na mimi sioni ubaya wa hasira ya namna hiyo. Alikuwa fundi wa kompyuta mjini Migori, akitengeneza tovuti za shule na makanisa. Siku moja kampuni ya jijini iliyokuwa ikizihifadhi ilifunga milango bila kuaga, na tovuti zote zikapotea. Walimu walimtukana yeye. Akaapa kwamba mali ya mteja wake haitalala tena kwa mtu asiyemjua.

Akanunua seva kuukuu, kompyuta za kuhifadhia tovuti, akazipanga nyumbani kwao Kehancha, katika banda ambamo babake alikuwa akikaushia tumbaku. Kuta nene, mlango mmoja, kodi hakuna: Mkuria gani angeliacha? Ila banda la tumbaku limejengwa lishike joto, na seva nazo huzalisha joto. Baadhi zikaungua hata kabla hajapata wateja wapya. Bhoke akatoboa ukuta kwa nyundo huku akifoka, akatia feni, na kampuni ikasimama. Wakaja wauza samaki wa Mfangano, kikaja chama cha akiba cha Homa Bay, wote wakivutwa na neno moja alilowaambia: "Kwangu hakuzimwi."

Ndipo Mzee Maranga, mwenyekiti wa wafugaji, alipoleta ukurasa wa ng'ombe. Kila mfugaji aliweka picha ya ng'ombe wake, rangi yake na mkato wa sikio. Akiibiwa, picha inatiwa alama nyekundu, na mwenye simu yeyote kuanzia Isebania hadi Homa Bay anaiona. Wezi waliuchukia ukurasa huo kama ukoma. Walikuja mchana kweupe, wakavunja feni kwa mawe, wakamkata mlinzi wa banda mkono kwa panga. Bhoke alimfunga mlinzi kwa leso yake, kisha akatoka mlangoni na damu ya mlinzi mikononi.

"Mkitaka ukurasa uzimwe, mnizime mimi kwanza!" akawapigia kelele.

Wakarudi nyuma. Neno hilo lilimpa sifa, na sifa hulevya kuliko busaa.

Alikuwa na mdogo wake, Wesley. Kwa desturi yao, ng'ombe wa mahari ya dada ndio humwoza kaka, kwa hiyo ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya Bhoke ndio waliotengwa ili Wesley amwoe Joyline. Wesley akawauza, akaitupa mali yote kwenye shimo la dhahabu kule Osiri, na shimo halikumpa hata vumbi la kung'aa. Joyline alikuwa amekwisha kumzalia watoto, na babake alipodai mahari, Wesley alipeleka ng'ombe wengine. Alikowatoa hakusema, na Bhoke, Mungu amsamehe, hakuuliza.

Asubuhi moja ya soko Wesley aliingia bandani akihema.

"Bhoke, toa hiyo picha ya yule mwekundu mwenye paji jeupe."

Bhoke akaitazama picha yenye alama nyekundu, kisha uso wa mdogo wake. "Huyu si ni wa Maranga?"

"Sasa ako kwa baba ya Joyline. Wakimpata, Joyline anarudishwa kwao na watoto wangu. Na mimi wataniua."

"Nikitoa moja, nani ataniamini tena? Twende kwa chifu ujisalimishe. Nitakusindikiza."

"Mimi ama hizi mashine?"

Bhoke akaiacha picha ilipokuwa. Wesley akampiga kofi lililompasua mdomo na kumwangusha juu ya meza. Alikuwa hajainuka aliposikia bodaboda zikifunga breki uani. Ng'ombe alikwisha kutambuliwa, na Wesley kutajwa.

Wafugaji walimburuta Wesley nje kwa shati. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Bhoke aliwasihi mlangoni, akawatajia jina la baba yao, akawatajia Mungu. Rungu likamvunja Wesley goti. Hapo Bhoke akakimbia ndani, akashusha swichi kubwa. Shule, makanisa, samaki, akiba za watu, vyote vikazimika pamoja.

"Nimezima!" akalia akirudi. "Hakuna picha tena! Mwachilieni!"

Kijana mmoja akamwonyesha simu yake. Kioo kilikuwa na damu, na ng'ombe alikuwa bado yumo.

"Tulisave hiyo picha kwa simu kitambo, madam."

Bhoke akamlalia mdogo wake. Jiwe likamvunja mtulinga. Wakamvuta miguu wakaendelea. Chifu alipofika na polisi, umati ulikwisha kutawanyika na Wesley hapumui.

Joyline alikuja mbio, mtoto mgongoni. Hakupiga mayowe. Alipiga magoti, akaziona feni zimesimama, akamgeukia wifi yake.

"Ulizima kabla hawajaanza kumpiga, ama baada?"

Bhoke akaufuta mdomo wake uliopasuka.

"Baada."

Joyline akalowesha pembe ya kanga kwa mate, akaanza kumfuta mumewe uso.