Chokaa ya Mwakani

Mama alinipigia simu juzi nikiwa kazini Galu, mikono imejaa mashuka ya wageni wa hoteli, akaniambia ukuta wa chumba chake unatapika. Neno ni lake. Kila asubuhi anakuta unga wa mawe umemwagika kitandani, anaukung'uta, na kesho yake upo tena. Sikumuuliza mengi. Ukuta ule naujua, na aliyeuponza namjua pia, kwa kuwa ni mimi. Jumamosi nikaenda Msambweni, mgongo unaniuma na moyo hauna hamu ya safari.

Nyumba ile aliijenga babu kwa mawe ya matumbawe, akayashikanisha kwa chokaa na mchanga. Utotoni nilidhani kila nyumba duniani hulelewa kama yetu. Masika yakiisha tu, ua ungali unanuka majani mabichi, nyanya alikuwa akizunguka nyumba nzima na msumari mkononi, akichokoa baina ya jiwe na jiwe. Palipokuwa pagumu alipaacha. Palipomwagika kama unga wa mahindi alipatia alama ya mkaa. Sisi watoto tulimfuata nyuma tukiziombea alama ziwe nyingi, maana siku ya ukuta ikiwa ndefu na chakula chake huwa kingi.

Usinicheke, rafiki yangu, lakini mimi siku hiyo niliipenda karibu sawa na Idi. Fundi hakuitwa. Mama na shangazi walikwangua chokaa iliyochoka, mimi nikarashia maji kwa ufagio, na nyanya akajaza kwa kidole gumba, kisha akakandamiza kwa kipande cha kifuu cha nazi. Kabla ya kuanza sote tulipakwa mafuta ya nazi mikononi, kwa sababu chokaa hula ngozi. Jirani yetu, bibi mmoja mwenye ulimi wa pilipili, alileta mahamri na mbaazi za nazi, akakaa barazani kutukosoa. "Hapo mmeacha pengo," husema, "panya atapita na mkewe na mizigo yao." Mwenyewe hakushika hata mwiko, ila bila yeye kazi haikunoga. Nyanya akimjibu kwa ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, jirani humwambia, "Basi ziba, bibi wee, mbaazi zinapoa."

Chokaa yenyewe ilikaa shimoni nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba cha mama. Ililetwa kutoka kwenye tanuri ikiwa mabonge makavu, ikamwagwa mle, ikatiwa maji, ikachemka kwa kishindo na kutoa moshi huku sisi tumekatazwa kusogea. Ikishapoa ilifunikwa magunia, ikalala. Sheria ya nyanya ilikuwa moja: chokaa ya mwaka huu ni ya ukuta wa mwakani. Ile changa, alisema, ina hasira, haijajua kukaa na jiwe. Na katika kulala kwake huko haikutakiwa kukauka hata siku moja, kwani ikikauka imekuwa jiwe na hairudi tena.

Kuinywesha ilikuwa kazi yangu. Kila Alhamisi nikitoka chuoni, juzuu ingali kwapani, nilimwaga ndoo mbili juu ya magunia. Maji yalikuwa ya mvua, ya kwenye pipa, kwa sababu kisima chetu kina chumvi na chumvi hutafuna ukuta. Nyanya alinikabidhi mbele ya watu wazima. "Shimo hili ni lako," aliniambia. Nilikuwa mvivu wa vyombo, mvivu wa kufagia, mvivu wa kila kitu, lakini shimo sikuliacha. Mama akiwa ndani akisikia maji yanamwagika, alisema kwa sauti, "Kumbe leo Alhamisi!" Hatukuwa na haja ya kalenda.

Kisha nikapata kazi hotelini. Alhamisi zikapita, na mimi sikuuliza ni nani anayemwaga maji. Nilipoanza kushika mshahara nikataka kumfanyia nyanya jambo kubwa. Nikaja na fundi kijana wa bara, aliyekuwa akijenga kule Ukunda.

"Shosho, tupige simiti hapa kote," alisema akigonga ukuta. "Itashika fiti, utasahau kama kuna ukuta."

"Mimi sitaki kuusahau, mwanangu," nyanya akamjibu.

Nilicheka. Nikamwambia, "Nyanya, dunia imesonga mbele." Aliingia ndani akalala mpaka kazi ikaisha, na alipotoka akapitisha kiganja juu ya ile mistari ya kijivu iliyonyooka. "Mmeuziba pumzi," alisema, akaenda kutawadha.

Majuto ni mjukuu, wasema wahenga, na mjukuu mwenyewe ni mimi. Chokaa hupitisha unyevu wa ukuta ukatoka taratibu. Simiti huufungia ndani, nao ukikosa njia hupitia kwenye jiwe na kulila. Nyanya alifariki kabla mawe hayajaanza kumwagika, na nashukuru, kwani sijui ningemtazama kwa uso gani. Leo simiti imesimama imara na mawe yaliyoizunguka yameingia ndani, ukuta mzima umekuwa kama sega lililokwisha asali.

Jumamosi hiyo nilishinda na tindo na nyundo nikijaribu kuitoa. Kila bonge likianguka linaondoka na kipande cha jiwe. Kumwambia mama ahame ni kupoteza maneno. Anasema alizalia humo na atatolewa humo. Chokaa ya kweli sijui niipate wapi. Tanuri limezimwa zamani, na dukani wanauza ile ya kupaka rangi tu. Jirani wa mahamri naye alishatangulia mbele ya haki. Ndipo nikalikumbuka shimo.

"Chimba," mama aliniambia kutoka dirishani. "Nyanyako aliacha nyingi mle."

Nilichimba nusu saa. Jembe likagonga kitu likaruka. Nikafagia mchanga kwa mkono, nikaiona: nyeupe, ngumu, imejaa shimo zima, na nyuzi za magunia yaliyooza zimejichora juu yake. Ilikuwa inatosha nyumba nzima. Niliipiga tena na tena hadi mpini ukalegea.

Nikakaa chini kidogo. Halafu, hata sijui kwa nini, nikaenda kwenye pipa, nikachota ndoo mbili za maji ya mvua, nikamwaga. Hayakunywewa hata tone. Yalitelezea pembeni yakaenda kutuama chini ya ukuta.

"Kumbe leo Alhamisi?" mama akauliza kutoka ndani.

Nikamwambia ndiyo.