Behewa Lililogonga

Juzi huko Westlands nilimwona mwanamume akitikisa kifurushi karibu na sikio, uso umemkunjana, nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Waithaka.

Baba alikuwa na treni ndogo ya umeme iliyozunguka juu ya ubao sebuleni. Alasiri hiyo alifungua boksi kutoka ng'ambo, lenye harufu ya rangi na karatasi mpya. Ndani mlikuwa na behewa la mizigo, zawadi yangu. Alipoliinua, kitu kiligonga ndani, ko, ko.

"Limeumia njiani," alisema. "Kesho nalirudisha."

Sikuweza kutulia. Nilikuwa mtoto wa kunyamaza, lakini nilizunguka meza mpaka mama akaniuliza kama nimeingiwa na siafu. Kwetu avokado tulilitikisa, na mbegu ikigonga tulijua liko tayari kuliwa.

"Baba, usilirudishe," nilisema mwishowe. "Limeiva!"

Mama aliangua kicheko. "Haya Baba Wambui, lete kisu na chumvi!"

Baba alinitazama kidogo, kisha akalifungua kwa bisibisi. Kilianguka kipande cha chuma. Leo najua ni uzito wa kulituliza behewa kwenye reli, na gundi yake ilikuwa imeachia safarini. Siku ile niliona mbegu tu.

Alipaka gundi mpya. "Bonyeza hapa, Wambui. Ukitikisika, linarudi lilikotoka."

Nilibonyeza mpaka giza likaingia. Mama alinilisha githeri kwa kijiko, maana mkono wangu ulikuwa kazini.