Mfungo wa Tantine Scholastique

Chumvi ndiyo iliyoanza kumsema. Tantine Scholastique, dada ya baba, anakaanga mikate ya mafuta mbele ya nyumba yetu hapa Bunia, na tangu utoto sijaona mtu akimrudishia mkate. Mwaka huu niliona.

“Mama, jana ulitunyima chumvi, leo umetumalizia mufuko,” alilalamika Lionel, motard, dereva wa pikipiki ya abiria, anayekunywa chai pale kila asubuhi.

“Kula. Mayi ya kunywa iko mbele.” Tantine hakucheka.

Hakuwa akionja unga tena. Mtoto wake Fabrice alikwenda kuchimba dhahabu upande wa machimbo ya Kilo, mapigano yakafunga njia, simu yake ikanyamaza. Ndipo tantine akaapa katika chumba cha maombi, mbele ya wamama wenzake: jua likiwa juu hataweka kitu mdomoni, hata ncha ya kidole yenye unga, mpaka Fabrice arudi. Magharibi akila, anakula kidogo tu, kama ndege. Vidonge vyake vya virusi vya sida, yaani ukimwi, anavyomeza tangu mimi sijazaliwa, hakuviacha.

Alikuwa mnene. Nikiwa mdogo, kanisani nililalia mkono wake. Sasa kitenge kilimzunguka mara mbili, na majirani walishusha sauti akipita.

Nilimsindikiza kituo cha afya kuchukua dawa. Anselme ni infirmier, muuguzi, lakini wote tunamwita docta. Aliangalia jibu la damu kutoka labo, akaangalia tena.

“Mama Fabrice, chembe nyeupe za damu zimeshuka. Dawa unameza?”

“Minameza.”

“Na chakula?”

Tantine akatazama mlango. Nikasema mimi, yote. Aliniangalia kama mtu aliyeibiwa.

Docta hakumgombeza. Alishika ngozi ya mkono wake kwa vidole viwili, taratibu. “Hapa palikuwa mafuta. Siye tunafikiri mafuta ni muzigo tu. Hapana. Inatengeneza homoni, moja inaitwa leptini. Inapita mu damu, inaambia chembe nyeupe: chakula iko, muongezeke, mupigane. Mafuta ikiisha, ile habari inapunguka, na chembe zinapunguka. Dawa inafunga virusi, lakini haiwezi kukula chakula pa nafasi yako.”

“Basi mutu munene sana, ugonjwa haimuwezi?” nikauliza.

“Ngoja, mutoto. Ikizidi nayo ni mubaya. Mutu akikupigia kelele kila saa, utamusikia tena? Leptini ikizidi, chembe nazo hazisikie. Wakati ya Korona, wanene wengi waliteseka.”

Njia nzima niliwaza: kumbe mafuta, niliyodhani yamelala tu chini ya ngozi, yanaongea na damu. Tantine hakuwaza hayo.

“Mi nikikula,” alisema, “na Fabrice akikufa kesho, nitasema nini?”

Shuleni, katika biolojia, hatujafika huko, na nafikiri hatutafika.

Siku ya maombi tantine alisimama mwenyewe, akaeleza maneno ya docta mpaka mwisho. Kisha Mama Élise, anayeongoza sala, akasema polepole:

“Kiapo hatuvunje. Lakini weye ulikibeba peke yako, na siye tulikuwa tunakuangalia. Kwenye kilio, kila mutu haleti kuni yake? Tugawanye. Mi nakamata siku ya kwanza.”

Wamama wakagawana juma, kila mmoja siku yake ya kufunga kwa ajili ya Fabrice. Alhamisi ikabaki. Nikainua mkono.

“Alhamisi uko na masomo,” tantine akanikataza.

“Nitafunga mu klasi.”

Kesho yake asubuhi tantine alichuchumaa mbele ya beseni la unga, akakoroga, akakoroga. Nilidhani hataweza. Mwishowe akachovya kidole, akakipeleka mdomoni, akafumba macho. Halafu akaongeza chumvi kidogo. Mkate wa kwanza kutoka katika mafuta hakumpa mtu, akaumega mwenyewe. Lionel, mkono umenyooshwa, akasubiri wa pili.

Fabrice hajarudi. Chembe za tantine zitahesabiwa tena mwezi ujao. Leo ni Alhamisi, siku yangu ya kufunga, na mwalimu anachora chembe nyeupe kwa chaki, duara kubwa lenye madoadoa. Sasa hivi, kwetu barabarani, tantine anakula.